Mkanda wa injini unalia: shajara ya kusaka chanzo

Hali ilivyo

Gari ni la petroli, silinda nne, injini imekaa kwa upana wa gari. Mkanda wa nje ni mmoja tu, na mgongoni umeandikwa 6PK1830: mbavu sita, umbo la PK ambalo mbavu zake zimeachana kwa mm 3.56, urefu mm 1830. Huo mmoja, ukivutwa na puli (gurudumu la mkanda) ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, unazungusha alteneta inayozalisha umeme, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya AC, na njiani unapita kwenye puli laini ya kuelekeza na kwenye tenshena, yaani kile kikaza mkanda chenye springi ndani. Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha krenki na valvu, uko kwingine kabisa, nyuma ya kava lake, wala hauhusiki hapa.

Malalamiko ni haya. Injini ikiwashwa ikiwa baridi inatoa mlio mkali, *wiiiii*, unaodumu kama dakika moja kisha unafifia. Unarudi AC ikiwashwa, na unarudi tena usukani ukikatwa hadi mwisho. Kukiwa na unyevunyevu unakuwa mrefu zaidi.

Mkanda wenyewe ni mpya. Aliyeniuzia gari alikuwa ameshaubadilisha kwa sababu ya mlio huohuo, na boksi lake alinionyesha. Kila aliyesikia kelele hiyo baada ya hapo ameniambia jambo moja: weka mkanda mwingine. Nimekataa. Mkanda haulii wenyewe. Unalia kwa sababu kuna puli inayouburuza, inayouachia au inayoupinda. Ukiweka mpya, mpira wake laini utashika vizuri kwa muda, mlio utanyamaza, halafu utarudi palepale kwa sababu kilichouleta hakijaguswa. Ndicho kilichompata mwenye gari wa kwanza. Kwa hiyo shajara hii inaanzia kwenye puli. Mkanda nitaufikia mwisho.

Jumamosi asubuhi, injini baridi, haijawashwa

Kabla ya kushika chochote nimechomoa ufunguo na kuutia mfukoni, nimevua saa na pete, nywele nimezifunga. Feni ya rejeta ya umeme katika magari mengi inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo nimetoa pia waya hasi wa betri. Kisha nimepiga picha za njia ya mkanda kutoka pande zote. Baadhi ya magari yana mchoro wa njia hiyo chini ya boneti. Hili kibandiko chake kimebanduka.

Kukagua kwa tochi. Mbavu ni nzima, hakuna mpasuko hata mmoja. Hilo halinipi faraja sana. Mikanda ya zamani ya neoprini ilikuwa ikizeeka inapasuka-pasuka, ukihesabu nyufa unajua hali yake. Mikanda ya siku hizi ni ya EPDM, mpira unaovumilia joto na haupasuki upesi. Wenyewe unalika polepole, mbavu zinapungua unene na mifereji kati yake inapanuka, mpaka ncha za puli zinagusa chini ya mfereji badala ya kubana kuta zake. Ukiuangalia kwa macho tu utasema mzima. Wangu nimeupima kwa kuingiza ncha ya puli kwenye mfereji: bado unabana kuta, haujafika chini.

Mambo mawili yameniingia akilini. La kwanza, kuta za mbavu zinang'aa kama kioo, dalili ya mpira uliochomwa na kuteleza. La pili, ukingo mmoja wa mkanda, ule wa nje ulio mbali na injini, umeanza kutoa nyuzi. Ukingo wa ndani ni safi kabisa. Kuteleza peke yake hakuwezi kukwangua ukingo mmoja na kuuacha mwingine. Nimeliandika hili la pili kwa herufi kubwa.

Hakuna mafuta wala maji ya rejeta kwenye mkanda. Nimechungulia chini ya gasketi ya kava la valvu, kuzunguka pampu ya usukani, na kwenye kale katundu kadogo chini ya pampu ya maji ambako sili ikichoka maji huanza kuchuruzika. Kote pakavu. Ingekuwa pamelowa, kazi ingeanzia hapo, maana mpira ulionyonya mafuta huvimba na kulainika, na hautapona hata ukipanguswa.

Jumamosi, majaribio ya mzigo

Betri nimerudisha. Ilikuwa na volti 12.5 kabla ya kuwasha, si mbaya. Mdogo wangu amekaa kwenye usukani, mimi nimesimama kando, mbali na mkanda.

"Dada, niwashe?"

"Washa, usikanyage mafuta."

*Wiiiii*, kama kawaida. Multimita inasoma volti 14.2 kwenye betri, maana yake alteneta inachaji sawasawa. Sababu ya mlio wa dakika ya kwanza iko hapo: stata imetoka kunyonya umeme mwingi, alteneta inaurudisha kwa pupa, na puli yake inakuwa nzito. Betri ikishiba, puli inakuwa nyepesi na mlio unakata.

Ulipokata, nimemwambia mdogo wangu awashe taa kubwa, feni ya ndani kwa kasi ya mwisho na hita ya kioo cha nyuma, vyote kwa pamoja. Mlio umerudi. Azime vyote. Umekata. Awashe AC pekee: kilachi cha kompresa, kile kinachoiunganisha na puli yake, kimebana, *tak*, na mlio ukafuata papo hapo. Azime AC, akate usukani mpaka mwisho kwa sekunde mbili tatu tu, kwa sababu ukiushikilia hapo pampu inafanya kazi kwa shinikizo lake la juu kabisa na mafuta yake yanachemka. Umelia tena.

Hapa ndipo nilipoanza kuona njia. Mlio ungetokea kwa AC peke yake, ningeishuku kompresa. Ungetokea kwa usukani peke yake, ningeishuku pampu yake. Lakini kila mzigo unaoongezwa unaleta mlio uleule, na haiwezekani mashine tatu zisizo na uhusiano ziharibike siku moja. Zinachoshiriki ni ukazaji wa mkanda.

Jumamosi mchana, maji

Jaribio la maji ni rahisi na linasema mengi. Chupa ya kupulizia, maji safi, injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, mipulizo miwili mitatu kwenye upande wenye mbavu, ukikwepa alteneta. Maji tu. Si mafuta, si sabuni, wala si zile dawa za kupulizia mkanda zinazouzwa kwa ahadi ya kunyamazisha kelele. Dawa hizo zinanata, zinakusanya vumbi, na kubwa zaidi zinaficha dalili unayoitafuta.

Namna ya kusoma jibu: mlio ukikatika mara moja kisha ukarudi maji yanapokauka, puli hazijalingana na mkanda unasugua ubavuni. Mlio ukizidi mara tu maji yanapoingia, mkanda umelegea. Maji yamepunguza mshiko ambao tayari ulikuwa haba.

Wangu umezidi. Sana, mpaka mdogo wangu akazima gari bila kuambiwa.

Basi ni kulegea. Na alteneta ndiyo inayoteleza kwanza, kwa hesabu. Kipenyo cha puli ya krenki nimepima mm 150, cha alteneta mm 60, hivyo alteneta inazunguka mara mbili na nusu ya krenki. Puli ndogo hivyo inakumbatiwa na kipande kifupi tu cha mkanda. Kinachouokoa ni umbo la mifereji: kuta zake zina pembe ya 40°, na mkanda ukivutwa unajikita ndani na kubana karibu mara tatu ya ambavyo ungebana kwenye puli bapa. Lakini lazima uvutwe. Ukikosa mvuto, mpira unashika, unaachia, unashika, unaachia, mamia ya mara kwa sekunde, na hiyo ndiyo *wiiiii* yenyewe.

Jumamosi jioni, tenshena

Tenshena hukaa upande wa mkanda uliolegea, mara tu mkanda unapotoka kwenye puli ya krenki. Kazi yake ni mbili, na ya pili husahaulika: springi inakaza, na ndani kuna kitu cha msuguano kinachozuia mkono wake usitikisike. Injini ya silinda nne inapiga mara mbili kila mzunguko wa krenki. Kwa mizunguko 750 kwa dakika hiyo ni mipigo 25 kila sekunde, na kila mpigo unauvuta mkanda na kuuachia.

Mwilini mwa tenshena kuna mstari, na kando yake alama mbili zinazoonyesha mipaka. Mstari unapaswa kuwa kati ya alama. Kwangu umepita alama ya mwisho. Kwa mkanda wa urefu sahihi na ambao haujalika, hilo linamaanisha springi imechoka. Injini ikiwa sailensa mkono unatikisika unaonekana kwa macho, kitu kama sentimita nzima kwenda na kurudi. Mzima hutetemeka kidogo tu.

Nimeingiza wenzo kwenye tundu la mraba, nikausukuma mkono, nikatoa mkanda. Umesogea kwa wepesi kupita kiasi mwanzoni, kisha umekwama mahali, kisha ukaruka. Mzima unasogea kwa uzito uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Bushi ya egemeo lake nayo imelika, mkono unacheza kushoto na kulia.

Mkanda ukiwa nje nimetumia nafasi hiyo kuzungusha kila puli kwa mkono. Puli ya kuelekeza: imezunguka kimya, ikasimama baada ya kitambo kifupi, vizuri. Iliyo kavu huzunguka kwa muda mrefu bila kizuizi na kutoa sauti ya mchanga, na watu wengi huidhania kuwa ndiyo nzima kwa sababu ni nyepesi. Puli ya tenshena: ina mkwaruzo mdogo. Pampu ya maji: haichezi. Kompresa, kilachi kikiwa kimeachia: laini. Pampu ya usukani: nzito kidogo, kama inavyostahili.

Alteneta ya gari hili ina puli ya kilachi cha upande mmoja. Ukiizungusha upande mmoja inabeba rota, ile sehemu ya alteneta inayozunguka, upande wa pili inateleza yenyewe. Ikiganda ikawa inabeba pande zote mbili, rota nzito inayokimbia kuliko krenki inaurudisha mkanda nyuma kila injini inapopunguza kasi, na tenshena inateseka. Nilitarajia kuikuta imeganda. Haijaganda.

Mwisho nimewasha injini bila mkanda kwa sekunde chache tu. Taa ya betri inawaka na pampu ya maji haizunguki, kwa hiyo hapa hakuna kusubiri. Kimya. Kelele yote basi iko kwenye mkanda na puli unazopitia.

Kupima ukazaji kwa sikio la simu

Mikanda ya kukazwa kwa bolti watu huipima kwa kidole: unasukuma katikati ya puli mbili kwa nguvu ya kama kilo 10, unaangalia umeshuka milimita ngapi, unalinganisha na kitabu cha gari. Mkanda wenye tenshena ya springi kipimo hicho hakiusemi vizuri, kwa kuwa springi inajirekebisha.

Nimetumia njia ya mtetemo. Mkanda ukirudishwa mahali pake, injini imezimwa, unaudonoa kama uzi wa gitaa kwenye kipande kirefu kisicho na puli, na simu yenye programu ya kupima sauti inasoma mtetemo wake, yaani unatikisika mara ngapi kwa sekunde (Hz). Uzuri wa njia hii ni kwamba ukazaji unakwenda na mraba wa mtetemo. Mtetemo ukishuka kwa asilimia 10, ukazaji umeshuka kwa asilimia 19. Nimepata karibu Hz 80. Namba hiyo peke yake haina maana. Nimeiandika ili kesho niwe na cha kulinganisha.

Jumapili, tenshena mpya

Kuifunga ni kazi ndogo: bolti moja na kapini kanakoizuia isizunguke. Nimesafisha uso inapokaa, kwa sababu chembe ya kutu chini yake inaipinda puli nzima. Puli yake mpya imekuja nayo.

Kabla ya kuwasha nimepitisha tochi kwenye kila puli kuhakikisha mbavu zote sita ziko ndani ya mifereji yao. Mkanda ukikaa mfereji mmoja pembeni, injini itawaka na kila kitu kitaonekana sawa, mpaka ujichane.

Mtetemo sasa ni karibu Hz 100. Kutoka 80 hadi 100, ukiweka mraba, ukazaji umepanda kwa asilimia 56. Mstari uko katikati ya alama.

Tumewasha. Hakuna *wiiiii*. Taa, feni, hita, AC, usukani hadi mwisho: hakuna. Mdogo wangu akashuka kwenye gari akipiga makofi, mimi nikamwashiria anyamaze. Chini ya sauti ya injini kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cha haraka: *chwi-chwi-chwi-chwi*. Kilikuwepo siku zote, kimefunikwa na yowe la kwanza. Nikakumbuka ule ukingo wenye nyuzi, nikaona kwamba kazi haijaisha.

Nimepulizia maji. Mlio mdogo umekatika papo hapo, na baada ya nusu dakika hivi ukarudi. Jibu la leo ni kinyume cha jibu la jana, kwenye mkanda uleule: puli mojawapo haiko kwenye mstari.

Jumapili jioni, kuhesabu milio

Sehemu hii ndiyo iliyonipendeza kuliko zote, na haikuhitaji spana.

Mlio unaojirudia una mwenyewe, na kila kinachozunguka kina kasi yake. Nikijua milio mingapi inatoka kwa sekunde, nitajua ni ya nani. Injini iko kwenye mizunguko 750 kwa dakika, yaani krenki inazunguka mara 12.5 kwa sekunde. Alteneta ni mara 31 hivi. Puli ya kuelekeza, yenye kipenyo cha mm 70, ni mara 27. Mkanda wenyewe: mzingo wa puli ya krenki ni mm 471, mara 12.5 ni karibu mita 5.9 kwa sekunde, na kwa urefu wa mita 1.83 mkanda unamaliza mzunguko mara 3.2 kwa sekunde.

Sikio halihesabu kwa kasi hiyo. Nimerekodi kwa simu nikiielekeza kwenye puli, nikafungua rekodi kwenye kompyuta na kuipunguza mwendo. Katika kipande cha sekunde nne, kama mlio ungekuwa wa mkanda, labda kijiwe kilichonasa mferejini au ubavu uliochanika, ningepata milio 13. Ya puli ya kuelekeza ingekuwa 107, ya alteneta 125, na ya krenki 50.

Nimepata 50. Nimerudia kwenye kipande kingine cha rekodi, nikapata 49, na tofauti hiyo ni ya mkono wangu kukata rekodi vibaya kidogo.

Puli ya krenki. Ile kubwa, nzito, iliyo chini kabisa, ambayo kwa watu wengi si mtuhumiwa kamwe kwa sababu haina beringi yake.

Jioni ya siku iliyofuata, rula na chaki

Gari limeinuliwa kwa jeki, limekaa juu ya stendi, gurudumu la mbele limetolewa, na kava la plastiki la ndani ya matagadi limefunguliwa. Sasa puli inaonekana uso kwa uso.

Rula ya chuma iliyonyooka nimeiweka kwenye uso wa puli ya kompresa ya AC, iliyo jirani, na kuinyoosha hadi ya krenki. Hazilingani. Ya krenki imetoka nje kwa mm 3. Hizo si chache: mm 3 ni karibu upana wa ubavu mzima wa mkanda. Pembe ya 1° ni kama mm 17 kwa kila mita, na kati ya puli hizi mbili mkanda una mm 170 tu za kujinyoosha, kwa hiyo unaingia umepinda 1° nzima. Kila ubavu unaingia mferejini ukisugua ukuta mmoja, unakwama, unajirusha ndani, *chwi*.

Swali likawa: puli imetokaje nje? Bolti ya katikati imekaza, haijalegea. Jibu liko kwenye muundo wake. Puli hii si kipande kimoja. Kuna kitovu kilichofungwa kwenye krenki, kuna pete nzito ya nje yenye mifereji, na kati yao kuna mpira uliogandishwa pande zote mbili. Krenki haizunguki kwa ulaini. Kila silinda inapopiga inajinyonga kidogo na kujirudisha. Pete ile nzito, ikiwa juu ya mpira wake, inameza mnyongo huo. Mpira ukizeeka au ukilowa mafuta unapasuka na kubanduka, pete inabaki imeshikiliwa na msuguano tu, na taratibu inatambaa kwenda nje au ndani.

Kuthibitisha nimechora mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye kitovu, kuvuka mpira, mpaka kwenye pete. Nimerudisha gurudumu, nimeshusha gari, nimeliendesha kidogo na AC ikiwa imewashwa, kisha nimefungua tena. Mstari umekatika. Nusu ya pete imesogea kwa upana wa kidole gumba kutoka kwenye nusu ya kitovu. Pete inateleza juu ya mpira wake. Ukitazama kwa tochi injini ikizunguka, unaona inayumba pia, na kuyumba huko ndiko kunakotoa mlio mmoja kila mzunguko.

Alama za taimingi, kama zingekuwa zimechorwa kwenye pete hiyo, zingekuwa zinadanganya sasa. Ni jambo la kukumbukwa na yeyote anayepima taimingi ya injini kwa taa na kupata namba isiyoeleweka.

Sasa mlolongo umekamilika, na unasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mpira wa puli ya krenki ulianza kubanduka. Pete ikaacha kumeza mnyongo, mtikisiko wote ukaingia kwenye mkanda. Mkanda ukaupeleka kwa tenshena, ambayo mkono wake ulipigwa mara 25 kwa sekunde kwa miezi mingi bila nafuu, bushi ikalika, springi ikachoka. Ukazaji ukapungua, alteneta ikaanza kuteleza, mbavu zikang'aa, na hapo ndipo mwenye gari wa kwanza aliposikia kelele akanunua mkanda. Ningeishia kwenye tenshena, puli ileile ingeiua na hii mpya.

Puli mpya ya krenki

Kazi hii ina mtego mmoja mkubwa na ni lazima kusoma kitabu cha huduma cha injini husika kabla ya kugusa bolti. Kwenye injini kadhaa gia ya taimingi haina kii, kile kipande cha chuma kinachoizuia isizunguke peke yake. Inashikiliwa kwenye krenki kwa mbano wa bolti hiyohiyo ya puli. Ukiilegeza bila kufunga krenki na kemshafti (shafti inayofungua valvu) kwa vifaa vyake, taimingi imepotea, na valvu zinaweza kukutana na pistoni. Yangu ina kii. Hata hivyo nimefunga krenki kwa kifaa chake. Ile mbinu ya kuegemeza spana kwenye fremu na kupiga stata sitaijadili, isipokuwa kusema kwamba spana ikiponyoka inatafuta mkono.

Bolti imetoka kwa bomba refu na uvumilivu. Puli imetolewa kwa pula, kifaa cha kuvutia, yenye bolti zinazoingia kwenye matundu ya kitovu. Pula ya kucha inayovuta pete ya nje ingebandua mpira hata wa puli nzima. Nilipoishika mkononi ya zamani, pete ilizunguka kwa vidole.

Nyuma yake kuna sili ya krenki. Ukingo wake ulikuwa na unyevu kidogo wa mafuta, si tone, lakini huenda ndio ulioanza kuula mpira wa puli kwa ndani. Nimeweka sili mpya, kwani kuifikia siku nyingine ni kurudia kazi yote hii.

Puli mpya imeingia, bolti mpya kama kitabu kinavyotaka, imekazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kisha ikaongezewa pembe iliyoandikwa. Rula sasa inagusa puli zote mbili bila mwanga kupita katikati.

Na mkanda? Ndiyo, nimeubadilisha, wa EPDM, namba ileile. Ukingo wenye nyuzi hauponi, na mbavu zilizong'aa zisingeshika vizuri hata kwa ukazaji sahihi. Puli zote nimezisugua kwanza kwa brashi na kitambaa kikavu, kwa sababu unga wa mpira wa zamani uliokuwa umeganda chini ya mifereji ungeanza kuula mpya siku ya kwanza.

Vipimo vya mwisho

Mtetemo Hz 101. Mkono wa tenshena injini ikiwa sailensa: unatetemeka milimita chache, lazima uukazie macho kuuona. Volti 14.2 na taa zote zikiwa zimewashwa. Maji yamepuliziwa, injini baridi, AC, usukani hadi mwisho: hakuna tofauti yoyote ya sauti. Rekodi ya sekunde nne haina cha kuhesabu.

Mstari mpya wa chaki uko kwenye puli ya krenki. Nitaukagua wakati wa kubadilisha mafuta ya injini, pamoja na ukingo wa ile sili.